Kupandisha kasi ya prosesa: nilichobakiza kwenye programu na nilichohamishia kwenye bayosi

Prosesa haijali amri imetoka wapi. Ukiibadilishia kizidishi ukiwa ndani ya bayosi, ile programu ya ubao mama inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, au ukivuta kitelezi cha programu huku Windows ikiwa imeshawaka, mwisho wa yote ni namba ileile inayoandikwa mahali palepale. Kizidishi cha 48 mara mapigo ya msingi ya megahezi 100 ni gigahezi 4.8, hakuna cha bayosi wala cha programu hapo. Ndiyo maana ubishi wa njia ipi inaipa kompyuta kasi zaidi hunichosha mapema. Kinachozitenganisha ni wakati na mamlaka. Bayosi inatoa amri kabla mfumo endeshi haujaamka, na inaamuru ubao mama mzima. Programu inakuja baadaye, na inasikilizwa pale tu bayosi ilipoiachia mlango wazi. Nimekaa na zote mbili kwa miaka, kwenye kompyuta ya mezani ninayohaririia video na kukompaili programu (kugeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa), na karibu kila kilichoniudhi au kunifurahisha kimetoka kwenye tofauti hiyo.

Wakongwe wa mchezo huu hawakuwa na uchaguzi. Walifungua kasha, wakasoma kijitabu cha ubao mama, wakahamisha jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini. Prosesa ya Intel, Celeron 300A ya mwaka 1998, inatajwa hadi leo: kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5, lakini ukiitoa basi yake (njia inayoiunganisha na ubao mama) kwenye megahezi 66 ukaipeleka 100, prosesa ya megahezi 300 inakuwa ya 450. Wakati huo ABIT, watengenezaji wa bao mama, ilikuwa tayari imeanza kuhamishia jampa hizo ndani ya bayosi, na programu za mezani zikafuata nyuma. Heshima ambayo wapandishaji wanaipa bayosi imetoka huko, na sehemu yake ni mazoea tu. Sehemu nyingine ina sababu, nitaifikia.

Mimi nilianzia kwenye programu, na bado namshauri anayeanza aanzie huko, kwa sababu unaona kinachotokea. Nilikuwa nafungua Prime95 upande mmoja wa skrini, vipimo vya joto na volti upande wa pili, kisha napandisha kizidishi hatua moja na kusubiri. Prime95 haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ni programu ya mradi wa GIMPS, ulioanza mwaka 1996, wa kutafuta namba tasa za Mersenne. Ila hesabu zake ni nzito na inajikagua yenyewe, kwa hiyo prosesa ikikosea hata mara moja inaumbuka hapohapo. Kwenye prosesa niliyokuwa nayo, 47 ilipita bila neno. 48 ikapita, joto likiwa limesogea. Nilipogusa 49, kompyuta haikuzima wala skrini ya bluu haikutokea. Kilichotokea ni kwamba dirisha moja kati ya madirisha ya Prime95, maana kila kiini cha prosesa hupewa lake, lilisimama na kuandika kuwa tofauti ya ukadiriaji imefika 0.5 wakati ilitarajiwa iwe chini ya 0.4. Mengine yote yaliendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nikarudisha kitelezi hatua moja, nikaanzisha jaribio upya, basi.

Jambo hilohilo kupitia bayosi lina mlolongo wake. Unawasha upya, unabonyeza Delete mfululizo usije ukapitwa, unabadilisha namba moja, unahifadhi kwa F10, unangoja Windows, unafungua vipimo, unangoja joto lipande. Ukirudia hivyo jioni nzima uvumilivu unakwisha, unaanza kubadilisha vitu viwili au vitatu kwa mkupuo ili umalize. Kompyuta ikigoma hujui ni kipi kati ya vile vitatu kilichoigomesha. Naona watu wengi wanaosema prosesa yao "haipandi" wamekwama hapo tu: wamejaribu mambo mengi kwa pamoja na hawana jibu la hata moja.

Programu ilinifundisha pia bei halisi ya volti, somo ambalo maandishi peke yake hayakuwa yameniingia. Umeme unaoliwa na prosesa, na kwa hiyo joto lake, hufuata kasi mara volti kwa mraba. Chukua prosesa iliyo kwenye gigahezi 4.5 kwa volti 1.20, uipeleke 4.9 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 9 hivi. Mraba wa volti umeongezeka kwa takriban asilimia 27. Zidisha hivyo viwili unapata karibu asilimia 38 ya umeme zaidi, kwa ile asilimia 9 ya kasi ambayo kwenye kuhariri video unaweza hata usiione. Ukiwa na kitelezi mkononi na kipimo cha wati mbele ya macho, unaisikia hesabu hiyo kwenye mlio wa feni kabla hujaimaliza kichwani. Tangu hapo nilianza kufanya kinyume: kushusha volti huku kasi ikibaki palepale, na kutafuta sakafu iko wapi. Kwa maoni yangu huko ndiko kuliko na faida siku hizi, kwa sababu prosesa za sasa zinatoka kiwandani zikiwa zimeshabanwa hadi karibu na mwisho wake.

Lakini kuna kitu kitelezi hakikwambii. Unaomba volti 1.30, na 1.30 inakaa pale kwenye programu imetulia. Prosesa ikibebeshwa kazi kwenye viini vyote, volti inayofika inashuka. Kwangu ilikuwa inachezea 1.24. Kushuka huku si ubovu, kumewekwa makusudi: kazi nzito ikikatika ghafla, volti huruka juu kwa kitambo kifupi mno, na ile nafasi ya kushuka ndiyo inayozuia mruko huo usivuke mpaka. Mtu asiyejua hilo anaona kompyuta yake inagoma ikiwa na kazi nzito, anaongeza volti kwenye kitelezi mpaka igome kugoma, halafu anashangaa kwa nini inaonyesha 1.38 ikiwa haina kazi.

Dawa ya jambo hilo iko kwenye bayosi, kwenye mpangilio unaoamua volti ishuke kiasi gani prosesa inapobeba mzigo. Huwa umepangwa kwa ngazi, na kila mtengenezaji amehesabu anavyotaka yeye. Kwenye ubao mmoja ngazi ya 1 ndiyo kali kuliko zote, kwenye mwingine ngazi ya 1 ndiyo legevu kuliko zote. Ubao wangu ulikuwa na mchoro mdogo pembeni wa mistari inayoteremka, na mchoro huo niliuamini kuliko namba. Nilichagua ngazi ya katikati. Ngazi kali kabisa inavutia kwa sababu vipimo vinaonyesha volti iliyonyooka kama rula, lakini vipimo vya Windows kwa kawaida huchukua namba kila baada ya sekunde moja au mbili, na mruko unaodumu maikrosekunde chache hauwezi kuonekana humo. Volti iliyonyooka kwenye grafu inaweza kuwa imejaa vilele ambavyo hukuviona. Kwa ngazi ya katikati niliweza kuomba volti ndogo kuliko niliyokuwa naomba kwenye programu, na kompyuta ikatulia kwa kasi ileile. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi: bayosi inashika vitu vinavyoizunguka prosesa, ambavyo programu nyingi hazina namna ya kuvigusa. RAM ni hivyohivyo. Muda wake wa kusoma na kuandika hupimwa na kupangwa wakati kompyuta inawaka, kabla ya chochote kingine, kwa hiyo anayetaka kuishughulikia RAM kwa dhati hana njia ya kuikwepa bayosi.

Kulikuwa na kipindi nilizitumia zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafahali wawili hawakai zizi moja. Nilikuwa nimeweka kikomo cha umeme kwenye bayosi. Matokeo ya majaribio yalikuwa mazuri asubuhi, mabaya mchana, mazuri tena nikiwasha upya. Joto lilikuwa la kawaida, hakuna hitilafu iliyoandikwa popote. Jibu nilipata kwa kufungua vipimo mara tu baada ya kuingia kwenye akaunti yangu na kuviangalia bila kugusa kitu: kikomo kilisomeka nilivyokiweka, halafu sekunde chache baada ya aikoni za mezani kujaa, kikabadilika chenyewe. Programu moja iliyokuja na ubao mama, ambayo niliiweka kwa ajili ya taa na feni tu, ilikuwa inaamka na profaili yake ya "utulivu" na kuandika juu ya mipangilio ya bayosi. Kwenye mambo haya anayeandika wa mwisho ndiye anayesikilizwa. Niliiondoa, na tangu hapo sheria yangu ni kwamba kitu kimoja kinaamuliwa na mmoja. Programu ikiwa ya kupima, ipime tu.

Kilichonihamisha moja kwa moja, hata hivyo, ni Linux. Kazi yangu ya kukompaili naifanya huko, na profaili niliyoihangaikia ndani ya Windows huko haipo. Kompyuta ileile ilikuwa na tabia mbili kutegemea nimeiwasha na mfumo gani. Isitoshe, hata ndani ya Windows mipangilio ya programu ilikuwa inapotea kila kompyuta ilipoamka usingizini, mpaka niifungue programu na kubonyeza tena. Nilichukua namba zilizokuwa zimepita majaribio ya Windows, nikaziandika kwenye bayosi.

Na Linux ikanionyesha kuwa hazikuwa zimepita. Kukompaili mradi mkubwa kulikuwa kunakatika katikati, kompaila ikilalamika juu ya hitilafu ya ndani yake yenyewe. Ukiona hivyo kwa mara ya kwanza unadhani ni kosa la programu. Dalili inayotenganisha ni hii: kosa la programu hukatikia kwenye faili lilelile kila ukirudia. Langu lilikuwa linahama. Mara kwenye faili hili, mara kwenye lile, mara linapita lote bila tatizo. Kosa linalohama ni la mashine. Niliangalia kumbukumbu za kerneli, moyo wa Linux, nikakuta mistari ya hitilafu za maunzi zilizosahihishwa, zile ambazo prosesa imezigundua na kuzirekebisha yenyewe bila kusumbua mtu. Upande wa Windows hitilafu za aina hiyo hujiandika kwenye kumbukumbu ya matukio chini ya jina WHEA-Logger, mara nyingi tukio namba 19. Mtu anaweza kukaa na kompyuta "iliyotulia" huku kumbukumbu hiyo inajaa. Siku hizi ndiyo ninayoifungua kwanza, kabla hata ya kuangalia joto. Hatua moja chini kwenye kizidishi ilimaliza habari yote.

Jambo hili linanipa shida na ule usemi kwamba bayosi ni salama zaidi. Salama kwa nani? Mipangilio mibaya ya programu inakufa kompyuta ikizima. XTU, programu ya Intel ya kupandisha kasi, kwa mfano, ina ulinzi unaotambua kuwa kompyuta ilizimika vibaya, na haiirudishi profaili iliyosababisha. Mipangilio mibaya ya bayosi inakuwepo tangu sekunde ya kwanza, wakati mfumo endeshi unapakia na kuandika mafaili yake, na ikitokea Windows inasakinisha masasisho huku prosesa inakosea hesabu, unaweza kuamka na mfumo ulioharibika bila kujua ulianzia wapi. Upande wa pili, programu uliyoiambia ipakie profaili kila unapoingia inaweza kukufungia nje: inawaka, inapakia, inaganda, unawasha upya, inarudia, mpaka uingie kwa hali salama uizime. Kwa hiyo siweki chochote kwenye bayosi kabla hakijakaa kwenye programu na kazi zangu za kweli, na programu yoyote siiruhusu kujipakia yenyewe.

Kuna kitu kimoja ambacho sikigusi kabisa nikiwa ndani ya Windows: mapigo ya msingi. Kizidishi kinaihusu prosesa peke yake. Mapigo ya msingi, kwenye mifumo mingi, yanabeba na vingine. Kwenye prosesa za Sandy Bridge za mwaka 2011, Intel iliyaunganisha na karibu kila kitu, zikiwemo njia za PCIe (zinazobeba kadi kama ya michoro) na diski, kiasi kwamba kupita 105 hivi kulikuwa kujitafutia matatizo. Kisha kuna kisa cha Windows 8. Mwaka 2013 HWBOT, wanaosimamia rekodi za wapandishaji, walikataa matokeo yaliyopatikana kwenye mfumo huo, kwa sababu ukibadilisha mapigo ya msingi wakati mfumo umeshawaka, saa ya kompyuta yenyewe inapotoka. Ukiyashusha, sekunde za kompyuta zinakuwa ndefu kuliko sekunde za kweli, kazi inaonekana imechukua muda mfupi, na alama zinapanda wakati prosesa imepungua kasi. Ukiyabadilisha kwenye bayosi, mfumo unaamka na kuzipima saa zake upya na hakuna udanganyifu. Nikisoma mtu anajisifia ongezeko alilolipata kwa kucheza na mapigo ya msingi bila kuwasha upya, huwa nauliza alipima muda kwa saa gani.

Laptopu ni ulimwengu mwingine. Bayosi yake huwa na lugha, tarehe, mpangilio wa kuwaka na nenosiri, basi. Programu ndiyo njia pekee, na kwa muda mrefu yangu ilikuwa imeshushwa volti kwa njia hiyo, feni zikiwa kimya kuliko zilivyotoka kiwandani. Halafu likaja sasisho la bayosi, na kitelezi kikawa cha kijivu, hakivutiki. Chanzo chake kinajulikana. Desemba 2019 watafiti walitangaza shambulio walilolipa jina Plundervolt: kwa kutumia mlango uleule unaotumiwa na programu za kushusha volti, waliweza kuifanya prosesa ya Intel ikosee hesabu ndani ya SGX, eneo lililotengwa kwa siri, na makosa hayo yakavujisha funguo za usimbaji. Intel ikatoa masasisho yanayoiwezesha bayosi kuufunga mlango huo, na watengenezaji wengi wa laptopu wakaufunga bila kumuuliza mwenye mashine. Nilikasirika, nakiri, kwa sababu SGX situmii. Lakini hoja yao naielewa. Mlango ambao mimi naweza kuutumia kubadilisha volti nikiwa ndani ya Windows unaweza kutumiwa na programu nyingine yoyote iliyopata ruhusa za msimamizi. Kitu kilichopangwa kwenye bayosi na kufungwa hakina tatizo hilo. Hata kwenye kompyuta za mezani, Windows yenye ulinzi wa kumbukumbu unaotegemea teknolojia ya mashine pepe huzinyima XTU na programu kama hizo baadhi ya vitelezi, na kwangu mimi kuuzima ulinzi huo kwa ajili ya megahezi mia mbili ni biashara mbaya.

Prosesa ya mezani niliyo nayo sasa ni Ryzen ya AMD, na imenibidi nisahau nusu ya niliyoyajua. Kupandisha viini vyote kwa kizidishi kimoja kunakuwa hasara mara nyingi, kwa sababu prosesa ikiachwa yenyewe hukipandisha kiini kimoja kilicho bora juu zaidi ya pale ambapo viini vyote vinaweza kufika kwa pamoja. Unachofanya ni kulirekebisha jedwali lake la volti, kiini kwa kiini, kwa namba zinazoweza kufika 30 chini ya sifuri, ambapo kila namba ni kama milivolti 3 hadi 5. Hapa ushirikiano wa njia mbili umenipendeza kuliko wakati wowote. Ryzen Master, programu ya AMD yenyewe, inaonyesha viini bora kwa alama, na matoleo yake ya miaka ya karibuni yanaweza kukutafutia namba za kuanzia. (Kila ukiifungua inakutaka ukubali onyo kuwa ukipandisha kasi dhamana inapotea, kubadilisha kupitia bayosi hakukuoshi.) Lakini namba inazozipata ni za kuanzia tu.

Sababu ni kwamba kwenye mfumo huu kompyuta haigomi ikiwa na kazi nzito. Kazi nzito inaishusha kasi yenyewe, joto na umeme vikiibana. Inagoma ikiwa imepumzika, unasoma kitu, kiini kimoja kinaitwa ghafla kufanya kijikazi kidogo, kinaruka hadi kilele cha kasi yake, na pale juu volti uliyokipunguzia haitoshi. Prime95 kwenye viini vyote ilikuwa inapita usiku kucha, kisha kompyuta inajiwasha upya nikiwa nimefungua barua pepe. Kinachosaidia ni kujaribu kiini kimoja kimoja, na CoreCycler imetengenezwa kwa kazi hiyo: inakipeleka kiini kimoja mbio, inahamia kingine, na kiini kinachokosea inakitaja kwa namba. Viini vyangu viwili vilivyo bora ndivyo vilivyokubali kupunguziwa kidogo kuliko vyote, jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza mpaka nilipofikiria kuwa hivyo ndivyo vinavyopelekwa juu zaidi, na kiwandani vilishapewa volti ya kukata kwa kipimo.

Kuhusu neno "Auto" kwenye bayosi, silichukulii tena kama usalama. Auto ni uamuzi wa mtu aliyetengeneza ubao, na huyo naye ana majaribio ya kasi ya kushindania. Kwa miaka mingi bao nyingi za Intel zilikuwa zinaondoa vikomo vya umeme zenyewe, ili ubao uonekane una kasi kuliko wa jirani, na mnunuzi akawa anapandisha kasi bila kujua. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilipoanza kugoma na kuharibika, Intel ilieleza kuwa chanzo kilikuwa volti zilizopita kiasi, na Agosti 2024 ikatoa maikrokodi 0x129, yaani maagizo ya ndani ya prosesa yenyewe, inayozuia prosesa isiombe zaidi ya volti 1.55. Maikrokodi hiyo ilisambazwa kwa sasisho la bayosi, na prosesa iliyokuwa imeshaharibika haikuponywa nayo. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2023, Ryzen za 7000 zenye X3D (kumbukumbu ya ziada iliyopangwa kwa tabaka juu ya prosesa) zilikuwa zimeungua kwenye baadhi ya bao, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu ya SoC, ile isiyo ya viini inayohudumia RAM na viunganishi, nayo ikaja kwa bayosi mpya. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofanya kwenye ubao mpya ni kuzisoma namba ambazo Auto imezichagua, nikiwa ndani ya programu ya kupima, kabla sijabadilisha hata moja.

Siku bayosi ikikataa kuwaka, hakuna la kuogopa sana. Bao nyingi zikishindwa kuwaka mara kadhaa hurudi zenyewe kwenye mipangilio ya mwanzo. Zisiporudi, kuna pini mbili za kufuta mipangilio, na zikikosekana unazima umeme kabisa na kuitoa betri ya CR2032 kwa dakika chache. Kinachoumiza ni kuandika upya. Sasisho la bayosi mara nyingi hufuta profaili ulizohifadhi, na hata zisipofutwa, profaili ya toleo la zamani haitakiwi kupakiwa kwenye toleo jipya, maana mpangilio unaweza kuwa umehama au umebadilishwa maana. Naweka flashi ya FAT32 kwenye kompyuta, nabonyeza F12 kwenye kila ukurasa nilioubadilisha, na ubao unapiga picha ya skrini. Kisha baada ya sasisho najaza kwa mkono kutoka kwenye picha hizo: RAM kwanza, jaribio, vikomo vya umeme, jaribio, na mwisho zile namba za viini. Hizo ndizo zinazochosha, kwa sababu maikrokodi mpya ikibadilisha jedwali la volti, 25 ya jana inaweza kuwa nyingi leo, na CoreCycler inabidi iachwe tena usiku.